Tundu la chaji lisiwe kaburi la kompyuta zetu Turkana

UKIPELEKA simu kwa fundi mjini Lodwar na kumwambia haiingizi moto, hatakuuliza mengi. Atachomeka waya wake, auchezeshe kidogo kushoto na kulia, kisha akupe jibu: "Ni sistemu ya chaji, boss." Kioo ni kizima. Betri ni nzima. Picha na namba zako zote zimo. Kilichokufa ni kitundu cha chini ambacho upana wake hauzidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Na wengi wetu huwa tunajua mapema. Tunaanza kwa kuukunja waya upande mmoja ndipo ushike. Halafu tunaenda hatua ya pili: simu inachaji ikiwa imelazwa juu ya kiatu, waya umekandamizwa kwa kikombe, na ole wake mdogo wako apite hapo karibu. Hatua ya tatu ndiyo hiyo ya kwa fundi.

Tunaicheka hali hii kwa sababu tumeizoea. Lakini katika kaunti ya Turkana, ambako vijana wanaambiwa kila siku kwamba kompyuta ndiyo itakayowatoa, mambo si ya kucheka tena. Vichwa vya waya na matundu yake huchakaa kwa hesabu inayojulikana, vile vile tairi la bodaboda huchakaa. Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: yeyote anayewaletea vijana wa Lodwar na Kakuma kompyuta au tableti, bila kutenga pesa za nyaya, matundu na fundi wa kuyabadilisha, ameleta nusu ya kifaa.

Hesabu ya kuchomeka na kuchomoa

Wengi hawajui kwamba kila aina ya kichwa cha waya ina kiwango cha chini cha mara ambazo inapaswa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa. Kuchomeka mara moja na kuchomoa ni mzunguko mmoja. Mashine ya maabara hurudia kazi hiyo, kisha watu wanapima kama umeme bado unapita sawasawa.

USB ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Kile kichwa chake bapa, ambacho mpaka leo tunakitumia kwa flashi na kipanya, kiwango chake cha kawaida ni mizunguko 1,500. Ilipokuja mini-USB, ile ya kamera za zamani, kiwango kikapanda hadi 5,000. Maikro-USB, iliyotangazwa mwaka 2007 na ambayo bado inachaji simu nyingi za bei nafuu, ikafikishwa 10,000. USB-C, au taipu-C kama tunavyoiita mtaani, ilitoka mwaka 2014 na yenyewe pia inapimwa kwa 10,000. Waya wa mtandao wenye kile kishikizo cha plastiki, RJ45, kiwango chake ni kama 750. Na SATA, waya wa ndani ya kompyuta unaounganisha diski, kiwango chake cha kawaida ni 50 tu, kwa sababu waliouunda hawakutarajia mtu auguse kila siku.

Si kwamba ukichomeka mara ya 1,501 tundu linakata roho. Hicho ni kiwango cha chini, na kilichotengenezwa vizuri hukivuka mbali. Lakini namba hizo zinakuonyesha aliyekiunda alitarajia kitumiweje.

Sasa piga hesabu. Simu yako mwenyewe ukiichomeka mara tatu kwa siku, mizunguko 10,000 itakuchukua zaidi ya miaka tisa. Hapo huna wasiwasi. Lakini kompyuta ya saiba au ya maabara ya shule, ambayo kila mtu anakuja na flashi yake, ni habari nyingine. Tuseme tundu moja la mbele, lile ambalo kila mtu hulipenda kwa sababu liko karibu, linatumiwa mara 20 kwa siku. Mizunguko 1,500 inaisha kwa siku 75 za masomo. Huo ni kama muhula mmoja wa shule.

Na ndani yake kunatokea nini? Vipande vya chuma vinavyogusana hupakwa utando mwembamba sana wa dhahabu juu ya nikeli, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Kila unapochomeka, chuma kinasugua chuma. Utando ukiisha, chuma cha chini kinaanza kuliwa, umeme unapita kwa shida, kichwa cha waya kinapata joto, chaji inaingia kwa mwendo wa kobe. Wakati huohuo springi ndogo zinazobana zinalegea. Na pale tundu lilipolehemiwa kwenye bodi, kila unapouvuta waya kwa upande unaitingisha ile lehemu. Siku moja inapasuka, na hapo hata kiatu na kikombe havisaidii.

Nani aliwe kwanza?

Waliounda maikro-USB walikuwa na swali ambalo sisi pia tunafaa kujiuliza: kama ni lazima kitu kiliwe, kiliwe kipi? Kwenye mini-USB, springi za kushikilia waya zilikuwa upande wa kifaa. Zikichoka, kifaa ndicho kinaumia. Kwenye maikro-USB zilihamishiwa kwenye kichwa cha waya. USB-C ilifuata njia hiyohiyo. Springi zake ziko kwenye waya, na ndani ya simu mna kiulimi kilichosimama tu. Maana yake, waya ndio uzeeke, simu ibaki.

Ni wazo rahisi lakini lina akili. Weka mbele kitu cha bei ndogo, kichakae, kibadilishwe, ili kile cha bei kubwa kiishi. Wahandisi waliliweka wazo hilo kwenye ncha ya waya zaidi ya miaka 15 iliyopita. Wanaopanga bajeti za kompyuta za shule na vituo vya vijana bado hawajaliweka kwenye karatasi zao.

Vumbi, jua na mikono mingi

Kule maabara hakuna mchanga. Lodwar upo wa kumwaga. Huu ni mji ambao joto la mchana huwa nyuzi 35 hivi mwaka mzima, mvua ni chache, na upepo ukivuma unabeba vumbi la laga hadi ndani ya nyumba. Vumbi hilo linaingia tunduni, linachanganyika na nyuzi za mfukoni, na kila unapochomeka waya unalishindilia chini. Baada ya miezi kadhaa kichwa hakifiki mwisho. Na punje za mchanga zikikaa kati ya vyuma viwili vinavyosuguana, zinafanya kazi ya msasa.

Ongeza suala la stima. Kwa miaka mingi Lodwar ilitegemea jenereta za dizeli na sola badala ya gridi ya taifa. Kakuma na Kalobeyei, wengi wanategemea sola na gridi ndogo za mitaani. Mahali ambapo stima ni ya kuvizia, watu hawachomeki simu mara moja usiku wakalala hadi asubuhi. Wanachomeka asubuhi kwa jirani, mchana kwenye kibanda, jioni kwenye pawabenki, na kila mara wanachomoa kabla haijajaa. Mizunguko inaongezeka bila mtu kuhesabu.

Kibanda cha kuchaji nacho kina mambo yake. Waya mmoja unaingia simu za watu wasiojuana kutwa nzima. Kichwa kikilegea au kikipinda, bado kinatumika, kwa sababu kinashika ukikibembeleza. Hapo hakiliwi chenyewe tena. Kinakula matundu ya wateja.

Tena simu zenyewe zimebadilika. Zamani tundu likifa ulifungua kifuniko cha nyuma, ukatoa betri, ukaibana kwenye chaja ya nje, maisha yakaendelea. Leo betri nyingi zimefungiwa ndani kwa gundi. Zile zinazochaji bila waya ni za wenye pesa zao. Kwa sisi wengine tundu ndilo mlango wa pekee, na mlango ukikwama, nyumba nzima haina kazi.

Kakuma, ambako simu ni sufuria

Kilomita 120 hivi kaskazini magharibi mwa Lodwar kuna Kakuma. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu nayo mwaka 2016. Kwa pamoja yana watu zaidi ya 250,000. Ukidhani ni mahema na foleni tu, hujafika. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta ya kibinafsi, uliochapishwa mwaka 2018, ulisema Kakuma kuna biashara zaidi ya 2,000.

Pale simu si ya kujivinjari tu. Kupitia Bamba Chakula, mpango wa Shirika la Chakula Duniani ulioanza mwaka 2015, sehemu ya mgao wa chakula ilianza kutolewa kama pesa kwenye laini ya simu, mtu akajinunulie kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Hebu fikiria mama ambaye simu yake inakataa chaji siku pesa hizo zinapoingia. Atatafuta jirani mwenye simu, aombe, ahamishe laini, angoje. Watoto nao wanangoja. Kitundu kilicholegea kinakaa kati ya unga na sufuria.

Hapo pia vijana wanasoma na kutafuta riziki. Shirika la UNHCR na Wakfu wa Vodafone wameweka katika baadhi ya shule za Kakuma madarasa yenye tableti na intaneti. Upande wa ziwa, kule Loropio, kuna kampasi ya Startup Lions iliyosanifiwa na Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso, na kukamilika mwaka 2021, ambako vijana wanafundishwa kazi za kidijitali. Lodwar yenyewe ina chuo kikuu kishiriki. Serikali kuu nayo ilianzisha Ajira Digital mwaka 2016, na mwaka huohuo ikaanza kupeleka tableti kwenye shule za msingi kote nchini.

Hatuna ugomvi na mipango hii. Tunaitaka, na tunataka mingi zaidi. Shida yetu ni jinsi tunavyoihesabu. Siku ya uzinduzi hutajwa idadi ya mashine zilizoletwa. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, watu wanakula na kuondoka. Sisi tunauliza maswali ya mwaka unaofuata. Ni matundu mangapi bado yanashika? Nyaya mpya zilinunuliwa lini mara ya mwisho? Ni nani hapa anayejua kulehemu? Kituo chenye majibu ya yote matatu kinastahili kupigwa picha kuliko utepe.

Maana fundi akikosekana karibu, safari ni ndefu. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300. Kwa mkimbizi ni zaidi ya nauli, kwa sababu kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali cha kusafiri. Huwezi kubeba laptopu mkobani asubuhi ukaenda Eldoret kubadilishiwa tundu. Kwa hiyo mashine nzima, yenye bodi nzima na kioo kizima, inaandikwa "mbovu" kwenye rejista na kuwekwa stoo. Inakaa pale mpaka inapitwa na wakati.

Na tusijidanganye kwamba zitaletwa nyingine. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipopungua, hata mgao wa chakula Kakuma ulikatwa. Mfadhili ambaye hana pesa za mchele hatakuletea kompyuta mpya kwa sababu ya tundu la USB. Tulizo nazo ndizo hizo.

Kijana anayefanya kazi ya mtandaoni anaijua hasara hii vizuri kuliko sisi. Amepata kazi ya kunukuu sauti au kutafsiri, ina saa yake ya kukamilika. Laptopu ni ya mtumba, betri ilikufa kitambo, kwa hivyo inaishi kwa waya. Pini ya chaja imelegea. Paka akipita, mashine inazima. Kazi inachelewa, malipo yanakatwa, alama zake mbele ya wateja zinashuka, na mteja wa ng'ambo hana habari kuhusu vumbi la Lodwar. Huyo kijana hakukosa ujuzi wala bidii. Ameangushwa na kipini.

Somo la pampu ya maji

Tunajua atakayesema: Turkana ina ukame, ina njaa, ina visima vilivyokauka, na nyinyi mnaandika kuhusu nyaya za chaja?

Sawa, twende basi kwenye visima. Katika miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wakihangaika na pampu za mkono zinazokufa vijijini walisaidia kuunda pampu inayoitwa Afridev. Kwale, huku Pwani yetu, ni mojawapo ya sehemu ambako ilijaribiwa. Kanuni yake haikuwa kutengeneza pampu isiyochakaa, kwa sababu hakuna pampu kama hiyo. Kanuni ilikuwa kwamba zile sehemu zinazochakaa, kama vile mipira ya ndani na vikombe vya egemeo, ziwe za bei ndogo na wanakijiji wenyewe waweze kuzibadilisha kwa spana, bila kungoja lori kutoka mjini. Pampu hiyo ilisambaa nchi nyingi za Afrika.

Hata hivyo, palipokosekana mpira wa kubadilisha au mtu wa kuulipia, Afridev nayo ilisimama kama nyingine. Mpira ni kitu cha bei ndogo. Kisima kizima kinasimama kwa ajili yake, na mama anarudi kutembea kilomita kufuata maji.

Kompyuta ya kituo cha vijana ni kisima pia. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wetu una upana wa milimita nane.

Tunachotaka kifanyike

Kwanza, bajeti. Kaunti, shule, mashirika na wafadhili, kila mnapoandika "kompyuta 50", andikeni chini yake mstari wa vitu vinavyochakaa: nyaya za chaja, matundu ya spea, vipini vya laptopu, vichwa vya RJ45. Na kuna mbinu ya bei rahisi ambayo kila maabara inaweza kuanza nayo wiki hii. Nunueni nyaya fupi za nyongeza za USB, chomekeni moja kwenye tundu la kila kompyuta, na msiuchomoe. Wanafunzi wachomeke flashi zao kwenye ncha ya ule waya. Tundu la kompyuta linakuwa limetumika mara moja tu, na kinacholiwa ni waya wa shilingi mia chache. Uiteni waya wa kafara mkitaka. Ni wazo lilelile la wahandisi wa maikro-USB, ila sasa limefika Lodwar.

Pili, ununuzi. Kabla ya kutia saini tenda, ulizeni swali moja: tundu la chaji limelehemiwa kwenye bodi kuu, au liko kwenye kibodi kidogo chenye skrubu zake? Simu nyingi zina kibodi hicho cha pembeni, na fundi akiwa na spea hakimsumbui. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi imeenda mbali zaidi na kufanya tundu la USB-C kuwa kipande ambacho mwenye simu anakibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Kwa hivyo asikuambie mtu kwamba haiwezekani. Umoja wa Ulaya nao umelazimisha simu na tableti mpya zinazouzwa huko ziwe za USB-C tangu Desemba 28, 2024, na laptopu zikapewa hadi Aprili 28, 2026. Sheria hiyo si yetu, lakini viwanda ni vilevile. Tukichagua mashine za aina moja ya tundu, fundi wa Kakuma ataweka spea ya aina moja, na waya wa jirani utafaa kwako.

Tatu, fundi. Yule kijana wa kibandani mwenye kikuza macho na chuma cha kulehemu ndiye idara ya teknolojia ya Turkana, ila hakuna aliyempa cheo. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi, na nchi yetu ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Milango hiyo ifikishwe Lodwar na Kakuma, na mafundi wakimbizi wasiachwe nje. Vituo vyenye kompyuta vifanye mikataba na mafundi wa mtaa, vilipe kwa wakati, na kila kozi ya kidijitali iwe na wiki ya kufungua mashine na kubadilisha tundu. Kijana anayejua kuandika programu lakini hawezi kurudisha laptopu yake kwenye uhai amefundishwa kuogelea bila kufundishwa kutoka majini.

Nne, bidhaa feki. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuzitumia vizuri. Waya ambao kichwa chake kimekosea kipimo kidogo tu unatanua tundu kila siku. Ule wenye shaba nyembamba kama unywele unapata moto. KEBS na mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi wasiishie Mombasa na Nairobi. Wafike masoko ya Lodwar na Kakuma pia. Lakini wasije kunyang'anya wachuuzi na kuondoka. Watu hununua waya wa bei ya chini kwa sababu ndio wanaoumudu. Anzeni na wanaoingiza makontena, na mfundishe wauzaji kutofautisha.

Na wewe je?

Serikali ina yake, na sisi tuna yetu. Baadhi ya matundu tumeyaua wenyewe.

Ukichomoa, shika kichwa, usivute waya. Ingiza kwa unyoofu, usitafute njia kwa kuzungusha. Kama ni maikro-USB, angalia upande kwanza, maana hakiingii kwa hasira. Ukiwa unatumia simu inachaji, usiilaze kifuani waya ukiwa umekunjwa chini yake. Hapo uzito wote unakaa kwenye lehemu.

Chaji ikianza kusumbua, usikimbilie fundi. Jaribu waya mwingine mzuri. Ukishika vizuri, basi wa kwanza ndio mgonjwa, na ni afadhali uutupe kabla haujaambukiza simu. Ukikataa pia, zima simu, chukua kijiti cha meno kikavu, na utoe vumbi taratibu ukiwa umeelekeza tundu chini. Usitumie sindano, ina tabia ya kugusanisha vyuma visivyofaa kugusana. Usipulize kwa mdomo pia, unaingiza unyevu. Mara nyingi utashangaa: tundu halikuwa limekufa, lilikuwa limeshiba mchanga.

Ikifika kwa fundi, mlipe vizuri na umwambie ukweli. Usimwambie ilijiharibu yenyewe wakati unajua uliidondosha ikiwa na waya. Na kile kibovu kisitupwe kwenye laga. Kwa fundi, simu mbovu ni spea ya simu tatu.

Haya ni mambo madogo, na hatuoni aibu kuyaandika. Turkana imesikia ahadi nyingi kubwa, na vijana wake wamejifunza kuhukumu kwa kile kinachobaki baada ya magari ya wageni kuondoka. Kompyuta inayobaki lakini haiwaki ni ahadi iliyovunjwa, hata kama stakabadhi zote ziko sawa.

Basi anayekuja Lodwar au Kakuma na kompyuta 50, karibu sana, tunakupokea kwa mikono miwili. Ila ukishusha maboksi, tushushie pia sanduku la nyaya na matundu ya spea, na utuachie kwenye karatasi jina la fundi wa hapahapa mtakayemlipa mwaka ujao. Hapo ndipo tutakata utepe.